Nyanya za Mbolea, Nyanya za Samadi

Bondeni, nyuma ya Mikindani, mwaka 1973

3 Juni
Mwalimu wa kisomo anasema tuliofaulu mtihani tusipoandika, herufi zitatutoroka kama kuku wa kuazima. Basi naandika. Mimi ni Sharifa binti Issa, mke wa Hassani, mama yake Rehema. Mume wangu ana mikorosho kilimani. Mimi nina bustani hapa bondeni, ambapo maji hayakauki hata jua likiwaka namna gani. Leo nimehamisha miche ya nyanya kutoka kitaluni. Mgongo unaniuma.

9 Juni
Gari la kilimo limeshusha mifuko ya mbolea ya chumvichumvi, kila mwenye bustani akapewa wake. Bwana shamba Mikaeli ndiye aliyetuonyesha matumizi. Ni kijana wa Songea, mpole, akizungumza hutazama mimea kuliko watu. Unachota kwa kifuniko cha soda, unamwaga kandokando ya shina bila kuligusa, kisha unanyweshea maji.

Wifi yangu Mwanahawa, dada yake Hassani, bustani yake imepakana na yangu. Yeye aliuliza, "Na mlaji je?"

Mikaeli akajibu, "Mlaji wa mbolea ni mmea, mama."

Watu wakacheka. Mwanahawa hakucheka.

16 Juni
Kumwagilia, kupalilia. Hakuna jingine.

1 Julai
Mvua hakuna, umande mwingi. Nyanya zangu zimekuwa kijani kizito mpaka naona haya kuzitazama. Za wifi zimepauka, ni fupi. Mfuko wa mbolea alipewa kama sisi sote. Nadhani anatia kwa uchoyo ili inayobaki akaiuze. Mwanahawa ana tabia ya kuweka vitu.

14 Julai
Maua. Nimefunga vijiti.

11 Agosti
Mchumo wa kwanza. Nimepanda gari hadi Mtwara, nikatembeza nyanya mtaa wa Magomeni nyumba kwa nyumba. Mteja wangu mkubwa mwaka huu ni Yustina, mke wa Gaudensi, karani wa bandarini. Ni watu wa Bukoba. Ana mimba yake ya kwanza, na mimba hiyo imependa nyanya. Alichukua moja kutoka kwenye tenga, akaipangusa kwa kanga, akaingia ndani kuchukua chumvi, akaila pale pale mlangoni huku tunaongea.

"Kwetu ningekula senene," akasema. "Huku nimekuta nyanya zako, mama."

Nikamwambia ale tu, mtoto atatoka na mashavu mekundu.

18 Agosti
Yustina tena. Sasa ananiwekea kiti.

25 Agosti
Leo jambo jipya. Nyumba ya tatu niliyopiga hodi, mama mwenye nyumba alishika nyanya, akaigeuza, akaniuliza, "Umetia mbolea?"

Nikasema, "Nimetia kidogo, ile ya serikali."

Akairudisha kwenye tenga taratibu, kama mtu anayerudisha yai la kuku wa jirani. Akasema hana hela leo. Nyumba iliyofuata, vivyo hivyo. Ya tano wakanieleza kabisa: chumvi ile ukiishika mkono umelowa inakuwasha, sasa tumboni itakuwaje? Mwingine akasema hiyohiyo ndiyo inayotengenezewa baruti inayolia vitani ng'ambo ya Ruvuma. Inamaliza nguvu za wanaume, inachoma mimba. Nani kasema? Watu wanasema. Kwenye foleni ya hospitali, bombani, kila mahali.

Wifi alikuwa upande wa pili wa barabara. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Samadi ya mbuzi tu, mwanangu. Sina kingine." Nyanya zake ni ndogo, moja moja zina makovu. Tenga lake lilikwisha kabla ya adhuhuri. Langu nililirudisha nusu.

Kwenye gari tulikaa kiti kimoja. Sikumsemesha.

26 Agosti
Nimemweleza Hassani habari ya dada yake. Akasema, "Mama Rehema, mimi nina korosho za kupalilia." Ndivyo alivyo. Ukimtajia ndugu yake anakumbuka kazi.

1 Septemba
Nimeuza kwa Yustina tu na kwa muuza chai wa stendi. Yustina naye kaniuliza kuhusu mbolea. Nikamwambia kweli kama nilivyowaambia wengine. Akafikiri kidogo, akasema, "Zote nilizokula zilikuwa hizo?"

"Zote."

"Basi nimeshazoea," akasema, akacheka, akachukua zake. Lakini safari hii hakula mlangoni.

8 Septemba
Naandika polepole leo, mkono mzito.

Nilipofika kwa Yustina mlango ulikuwa umerudishwa na ndani kulikuwa na wanawake. Mmoja wao akatoka, akaniona na tenga kichwani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mimba ya Yustina imeharibika Jumatano. Alilazwa, sasa amerudi.

Nikatua tenga ukutani, nikajifunga kanga vizuri, nikapiga hodi. Gaudensi ndiye aliyekuja. Ni mwanamume mrefu, wa maneno machache. Huwa ananiita mama. Leo hakuniita chochote.

Nikasema, "Nimekuja kumpa pole mwanangu."

Akatazama tenga langu pale ukutani. "Mama, nakuomba usiingie. Sisemi kwa ubaya. Lakini watu wote hapa ndani wanasema ni zile nyanya, na yeye anawasikia."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui. Mimi ni karani, naandika mizigo. Ninachojua ni kwamba mke wangu hakula kitu kingine kwa wingi kama hicho."

Ningeapa kwamba si mbolea, ningekuwa naapia kitu nisichokijua. Kutoka ndani nilisikia sauti ya Yustina ikiuliza, "Ni nani?" Gaudensi akageuka, akajibu, "Ni wageni." Akasimama hapo mlangoni mpaka nikainua tenga langu.

Sikupiga hodi nyumba nyingine. Nimeshuka Mikindani na nyanya zote. Nimewapa mbuzi zilizopondeka. Nilikaa nawatazama wakila, halafu nikamfukuza yule mwenye mimba. Nilipomaliza kumfukuza ndipo nilipoona nilichofanya.

10 Septemba
Nimemfuata Mikaeli ofisini kwake, nikamwuliza sawasawa: hii mbolea inaweza kuharibu mimba ya mtu aliyekula nyanya? Hakunicheka. Alitoa kiti.

"Mama Rehema, chuoni tulifundishwa kwamba mmea ukishaila, inakuwa sehemu ya mmea, haibaki chumvi. Mimi nyumbani nakula. Mke wangu anakula."

"Mke wako ana mimba?"

"Hapana, hana. Lakini akipata atakula."

Namwamini kijana huyu. Nilipokuwa narudi bado nilikuwa namwamini. Nilipofika bustanini, imani ilikuwepo lakini haikunisaidia kunyanyua ndoo.

13 Septemba
Upepo. Nyanya zinaivia mitini na kudondoka.

15 Septemba
Wenye bustani tumekutana kwa Shabani. Shabani ana bustani kubwa kuliko zote na ndiye mwenyekiti wetu. Si mtu mbaya. Ana watoto wengi na mama kipofu. Alisema maneno mafupi: "Watu wa mjini wanataka kusikia samadi, basi wasikie samadi. Kuanzia kesho, atakayeulizwa aseme samadi tu. Sote kauli moja. Akitoka mmoja akasema vingine, ametuangusha wote."

Mzee mmoja akasema hao hao wa mjini wakiona nyanya yenye tundu moja la mdudu hawainunui, wanataka iwe kubwa, nyekundu, laini, na iwe haijatiwa kitu. "Nyanya hiyo ikaote wapi?" Watu wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

Nikainuka. Nikasema mimi sitasema samadi. Yustina aliniuliza, nikamwambia kweli, na lau ningemdanganya leo nisingeweza hata kumtaja jina lake. Nikasema zaidi ya hapo. Nikasema uongo huo haukuanza kwa Shabani, ulianza na wifi yangu, maana tangu mwezi wa nane anazunguka Magomeni na samadi mdomoni na mfuko wa mbolea nyumbani.

Mwanahawa hakunijibu mbele za watu. Alijifunga kanga yake, akasema, "Wifi, nifuate."

Nikamfuata, na kwa kweli nilimfuata kwa ushindi, nikijua ataomba nimsitiri. Chumbani kwake akasogeza kitanda. Mfuko ulikuwa pale ukutani, mdomo umeshonwa kama ulivyoshuka garini. Akanishika mkono akauweka juu yake. Ulikuwa mgumu kama jiwe. Unyevu umeugandisha wote.

"Sijafungua," akasema. "Mnaniona mimea yangu imepauka, mnadhani macho sina?"

Nikamwuliza kama naye anaamini maneno ya mjini.

Akaketi kitandani. Mwanahawa hana mtoto. Katika ukoo tunalijua jambo hilo na hatulitaji, tumelizoea kama ukuta. Akasema, "Mimba zangu tatu zilitoka kabla mbolea haijafika bonde hili. Sasa niamini nini? Najua mimba inatoka yenyewe. Lakini miaka yote ile, wifi, nilikuwa najiuliza nilikula nini. Papai? Maji ya kisima kile? Pilipili ya msibani? Mpaka leo sili papai. Sikutaka mwanamke mwingine alale anajiuliza, akifika mwisho wa hesabu anikute mimi."

Nilikaa chini sakafuni. Sikumbuki nilisema nini. Nafikiri nilisema nisamehe, na yeye akasema tutoke, chumba kina joto.

16 Septemba
Nimerudi kwa Shabani asubuhi, nikasema mbele ya watu waliokuwepo kwamba nilimzulia wifi yangu, mfuko wake haujafunguliwa. Shabani akasema, "Kumbe tuna mmoja wa kweli." Kisha akaongeza, "Basi akienda yeye mbele, na sisi tutapita nyuma yake." Sikupenda alivyolisema.

22 Septemba
Tumekwenda Magomeni pamoja, mimi na Mwanahawa, matenga mawili. Tumekubaliana hivi: tukipiga hodi, tunatua yote mawili, na kila mmoja anasema la kwake. Mimi: hizi zimetiwa mbolea. Yeye: hizi za samadi. Achague mwenye mboga yake.

Nyumba ya kwanza wakatufungia mlango. Ya pili wakachukua za Mwanahawa. Ya tatu alitoka mama mmoja mnene, mke wa polisi, akasikiliza, akasema kwa sauti nzima kwamba mbolea ni sumu na hataki hata kuiona. Wakati anasema, mkono wake ulikuwa kwenye tenga langu unapapasa ile kubwa kuliko zote. Mwanahawa akautazama ule mkono, kisha akanitazama mimi. Tulijizuia kucheka.

"Hizi zinakaa siku ngapi?" yule mama akauliza.

"Zikiwekwa kivulini zinakaa."

"Mume wangu anapenda kachumbari," akasema, kama anayejitetea mahakamani. Akachukua za kwangu za kachumbari na za Mwanahawa za watoto.

Tulipokuwa tunapita kwa Yustina, mlango ulikuwa wazi kidogo. Hatukupiga hodi. Mwanahawa alisimama kidogo pale mbele, kama mtu anayengoja gari, kisha tukaendelea.

28 Septemba
Ramadhani imeingia. Watu wanataka nyanya za futari. Kwa sasa njaa ya jioni ina nguvu kuliko mbolea.

2 Oktoba
Shabani hanisalimu. Wateja wake wa sokoni wamemwuliza, "Mbona wale wanawake wawili wanasema bondeni kuna mbolea?" Alijibu samadi, mteja akamwambia kwamba mke wa polisi keshaeleza mji mzima. Akarudi na mzigo wake. Jioni alipita kwenye tuta langu, akasema, "Umetufanya sote waongo." Akaenda. Najua ana mama kipofu. Najua pia sikuomba kauli moja. Yote mawili ninayo.

6 Oktoba
Rehema amekuja kutoka Msimbati, ameletwa na mumewe. Uzazi wa kwanza huwa kwa mama. Tumbo liko juu, miguu imevimba kidogo, uso umemng'aa. Nyumba imechangamka. Hassani kaacha mikorosho mapema leo.

7 Oktoba
Nimempikia Rehema mchuzi wa samaki. Nilikwenda bustanini kuchuma nyanya. Nilisimama kwenye mistari yangu, zimejaa, zinaning'inia mkononi. Kisha nikavuka mpaka nikachuma kwa Mwanahawa.

Sijamwambia mtu.

9 Oktoba
Tena kwa Mwanahawa.

13 Oktoba
Mwanahawa amesema, "Naona nyanya zangu zinapungua zenyewe."

Nikasema, "Ni Rehema."

Hakuuliza kitu. Nilisubiri aniulize, ningemjibu kwamba Mikaeli ana akili, kwamba namwamini, kwamba mbele za watu nitasimama niseme hazina neno. Hakuuliza. Asubuhi hii nimekuta ungo wa nyanya ndogo mlangoni kwangu, umefunikwa kwa jani la mgomba.

20 Oktoba
Joto. Korosho zimeanza kuanguka. Hassani anarudi vidole vimebabuka.

28 Oktoba
Idi. Tumekula vizuri. Shabani amekuja kutoa mkono wa Idi, akakaa, akala. Wakati wa kuondoka akaniambia kwamba wiki iliyopita alimwambia mteja mmoja ukweli, kwa kujaribu tu. Nikamwuliza ikawaje. "Hakununua," akasema. "Lakini kesho yake akarudi." Hakuonekana kufurahi wala kukasirika. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo asiojua kama atauchukua tena.

4 Novemba
Nyanya zinaelekea mwisho. Majani ya chini yamekauka. Mwanahawa na mimi tumezungumza habari ya mwakani. Yeye samadi. Mimi sijui bado. Samadi haitoshi bonde zima, mbuzi wenyewe hao wachache. Nimemwambia nitagawa: mistari ya huku mbolea, ya kule samadi. Akasema, "Utachanganyikiwa." Nikasema nimeshachanganyikiwa.

11 Novemba
Mawingu upande wa Ruvuma. Hayakuleta kitu.

18 Novemba
Leo Jumapili, Yustina amekuja.

Nilikuwa nang'oa mashina yaliyokufa. Nikaona mwanamke anashuka njia ya bondeni, viatu mkononi, amevaa gauni la kanisani. Sikumtambua mpaka aliponiamkia. Amekonda. Nikataka kumshika, nikaona mikono yangu ina tope, akanishika yeye.

Gaudensi amehamishiwa bandari ya Tanga. Meli wiki hii. Amekuja kuniaga, akasema, na pia anataka nyanya za safari.

Tulikwenda kivulini. Rehema alikuwa pale anachambua dagaa, tumbo limemfika magotini. Yustina alilitazama tumbo lile, akamwuliza lini, Rehema akamjibu ni mwezi ujao, inshallah. Nikaogopa kimya kitakachofuata, lakini Yustina akavuta kigoda akaanza kumsaidia dagaa.

Nikamwuliza, "Nikuchumie zipi, mwanangu? Zangu au za wifi yangu?"

"Zile mnazokula hapa nyumbani."

Ningeweza kunyoosha mkono upande wowote. Bustani ziko mbele yetu, hakuna ukuta. Nikasema, "Mimi na mume wangu tunakula zangu, za mbolea, zile zilizopasuka. Rehema nampikia za samadi. Tangu siku aliyofika."

Rehema akainua kichwa. Hakuwa anajua.

Yustina akasema, "Kwani bwana shamba hakukwambia hazina madhara?"

"Aliniambia."

"Ukamwamini?"

"Kwa tumbo langu, nilimwamini. Kwa lake nilishindwa."

Niliona bora aondoke na hilo kuliko aondoke na nyanya tupu. Aliendelea kuchambua dagaa, anakata kichwa, anatupa. Baada ya muda akasema, "Nesi wa hospitali aliniambia hutokea tu. Wanawake wengi, bila sababu. Nilimchukia yule nesi. Wale majirani waliposema nyanya, niliwapenda. Unajua kwa nini, mama? Kama ni nyanya, basi mara nyingine sitakula, na itakaa. Kama hutokea tu, nifanye nini?"

Mwanahawa alikuwa amefika, amesimama nyuma yetu na jembe begani. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliteremsha jembe, akaketi kwenye udongo karibu na Yustina, karibu sana, magoti yakagusana. Akamwambia, "Mimi sili papai." Kisha akamweleza kwa nini. Alimweleza yote, zaidi ya alivyonieleza mimi, na majina aliyokuwa amewawekea wale watatu. Majina sikuwahi kuyasikia, miaka yote hii nikiwa wifi yake.

Yustina alilia kidogo, si sana. Rehema alilia zaidi yao wote. Mimi nilichukua ile sinia ya dagaa nikamaliza kuichambua, maana mtu mmoja lazima afanye kazi.

Jua lilipopinda Yustina akainuka, akaomba kapu. Nikataka kumchumia, akakataa. Akaingia mwenyewe, kwanza kwenye mistari yangu, akachagua zilizo ngumu kwa safari, kisha akavuka kwa Mwanahawa. Zote akaziweka kapu moja, hakuzitenga. Nikamwambia nyumbani hatazijua tena zipi ni zipi.

"Sitazijua," akasema.

Mwanahawa alijitwisha kapu, wakapanda pamoja njia ya barabarani kungoja gari. Rehema aliniuliza usiku huu nitampikia nyanya za wapi. Nikamwambia achume mwenyewe.